Mikromita Tatu za Utumbo
Tumbo la mtoto limevimba, anatapika nyongo, na picha ya eksirei inaonyesha utumbo uliojaa hewa na maji kana kwamba umezibwa. Daktari wa upasuaji anafungua, hakuti kizuizi. Njia iko wazi; kinachokosekana ni msukumo. Huo ndio uzibaji bandia wa utumbo. Anachukua kinyama chenye unene wote wa ukuta, na hapo kazi inakuwa ya fundi wa maabara ya patholojia.

Kwanza hukinyoosha, kwa kuwa kinyama kibichi hujikunja. Hukibana kwa pini juu ya ubao laini, akakizamisha katika fomalini hadi kesho yake. Hufuata alkoholi, kutoka hafifu hadi kali, ya kuondoa maji. Zailini ya kuondoa alkoholi. Kisha parafini ya moto. Kukipanga ndani ya nta ndiko kunakonifanya nimvulie kofia. Kwa kibano hukisimamisha kwa ubavu, ili wembe upite katika tabaka zote. Kikilala, hakuna rangi itakayoiokoa kazi hiyo.

Nta ikishapozwa kwenye barafu, hufungwa kwenye mikrotomu, mashine ya kukatia. Fundi huzungusha gurudumu polepole, na utepe huteremka wembeni, kila kipande mikromita 3 au 4. Huupokea kwa ncha ya brashi, huulaza juu ya maji ya uvuguvugu, husubiri mikunjo iachie yenyewe, ndipo huuopoa kwa kioo. Ukichanika, hukata mwingine. Hukata vipande vingi mfululizo, maana mafundo ya neva yametawanyika, na kipande kimoja huweza kuyakosa.

Mafundo hayo, aliyoyaeleza Leopold Auerbach katika karne ya 19, yamo kati ya msuli wa duara na msuli wa urefu. Yakiwa yamepungua au yameshambuliwa na seli za kinga, msuli una nguvu ila amri hazina mpangilio. Rangi ya Masson ikionyesha kovu la buluu mahali pa msuli mwekundu, amri zinafika, nguvu hakuna. Kingamwili ya CD117 nayo huzisaka seli za Cajal, zinazotunza mdundo wa utumbo.

Wakati mwingine vioo vyote huonekana safi. Kasoro ya jeni ACTG2, chanzo kikubwa cha aina ya uzibaji huu inayotokana na misuli kwa watoto, huvuruga aktini, protini ya msuli, na huenda isionekane kwa hadubini. Basi damu hupelekwa kupimwa jeni, na nta huhifadhiwa kwa namba yake, huenda ikahitaji kukatwa tena.