Istilahi za Gari Lisilo na Springi

Mezani petu ilifika rasimu ya tafsiri ya mwongozo wa kufufua gari kuukuu la Kifaransa, Citroën DS, tuipitie kabla haijapigwa chapa. Mfasiri anakijua Kiswahili, na kurasa zake nyingi zasomeka vema. Lakini baadhi ya istilahi zake zaweza kuliharibu gari, na moja yaweza kumwua fundi. Kwa kuwa makosa ya namna hii si yake peke yake, tumeona afadhali kuyajadili hapa.

Kipimo chetu ni hiki. Tumfikirie fundi aliyeko Kapalamsenga, mkoani Katavi, upande wa Ziwa Tanganyika. Ana mwongozo huo na spana zake, na hana mtaalamu wa kumwuliza. Akilisoma neno, mkono wake utakwenda wapi?

Jalada lenyewe linasema "Kurejesha Gari". Fundi atauliza, kwa nani? Gari lililoazimwa ndilo hurejeshwa. Watu wa ziwa hilo wanaijua meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924 na kurudi kazini 1927. Kwa kazi ya namna hiyo Kiswahili kina "kufufua" na "kukarabati", na hatuoni haja ya neno la tatu. Vivyo hivyo "ustahilivu wa barabara": hapa linalopimwa ni gari, si barabara. Tungeandika "gari linalofaa kuingia barabarani", ijapokuwa ni maneno mengi.

Ugumu wa kweli unaanza kwenye mfumo unaolibeba gari. Mafundi wetu huuita wote "springi", na kwa magari mengi jina hilo latosha. DS, iliyoonyeshwa Paris kwa mara ya kwanza Oktoba 1955 na kutengenezwa hadi 1975, haina springi za chuma za kubebea bodi. Kila gurudumu lina tufe la chuma lililogawanywa ndani kwa mpira mwembamba. Upande mmoja mna gesi ya naitrojeni, upande wa pili mafuta. Gurudumu likipanda jiwe, mafuta husukumwa, gesi hubanwa, kisha hutanuka tena. Mfasiri ameuita mfumo huo "mning'inio". Amefasiri asili ya neno la kigeni, nasi twaona kapu limetundikwa darini. Hapa hakuna kinachoning'inia. Bodi imekaa juu ya gesi. Twapendekeza "mfumo wa kubebea", na kwa mpira ule neno "kiwambo", ambalo kila aliyeiona ngoma atalielewa bila kuelezwa. Ile tundu yenye vali shingoni mwa tufe, inayofanya kazi ya shokapu, ameiita "kilowanishi". Tunaliacha bila maelezo.

Tufike kwenye lililotufanya tuandike. Mahali pengi rasimu yasema "maji ya haidroliki", na penginepo "mafuta ya breki", kana kwamba ni kitu kimoja. Sote tunasema "maji ya betri". Basi fundi akiambiwa tena maji, nani atamlaumu akichota ndoo? Hata "mafuta ya breki" si salama. Magari ya DS ya awali yalitumia mafuta mekundu, yenye tabia ya kufyonza unyevu wa hewa na kuleta kutu. Kuanzia 1966 kiwanda kilianza kuhamia mafuta ya madini ya rangi ya kijani, na vyombo vyake vikapakwa rangi ya kijani viwe alama. Sili za mfumo mmoja ni za mpira usiovumilia mafuta ya mfumo wa pili. Ukitia mafuta ya kawaida ya breki katika gari la kijani, sili huharibika; na kwa kuwa pampu moja inayoendeshwa na injini ndiyo inayohudumia mfumo wa kubebea, usukani na breki, hasara haiishii kwenye magurudumu kushuka. Hapa istilahi nzuri ni rangi: "mafuta mekundu" na "mafuta ya kijani", bila kufupisha hata mara moja.

Neno linaloweza kuua limo katika agizo la kulegeza mabomba: "punguza msukumo". Mafuta hayo hufikia kadiri ya baa 170, ilhali tairi la gari dogo hujazwa upepo wa baa 2 hivi. Msukumo wa nini, basi? Idara yetu imezoea kutetea "kanieneo", nasi tutaendelea kulitetea darasani. Gerejini tunasalimu amri: iandikwe "toa presha yote". Tena agizo hilo litanguliwe na jingine ambalo rasimu imelitupa mwishoni mwa aya, kwamba gari liwekwe kwanza juu ya stendi imara. Presha ikitoka, bodi huteremka, na aliyelala chini yake hapati nafasi ya kuuliza maana ya neno.

Rasimu tumemrudishia mfasiri pamoja na mapendekezo haya. "Mfumo wa kubebea" halijaturidhisha sana. Mwenye neno fupi zaidi linalotumika gerejini kwake atuandikie.