Koma Si Pumzi

Shuleni tuliambiwa koma ni mahali pa kuvuta pumzi. Wengine huiita kipumuo kabisa. Mimi chuo nilikiacha katikati, siku hizi najilisha kwa kusahihisha maandishi ya watu, na jina hilo linanipa kazi kila wiki. Jina lake la pili, mkato, lina ukweli zaidi. Koma inakata.

Chukua tangazo la aina inayobandikwa kwenye kiwanda cha kahawa huku Nyeri: "Wakulima waliopeleka kahawa Novemba watalipwa Ijumaa." Aliyepeleka Desemba asijisumbue kupanda matatu. Sasa weka koma mbili: "Wakulima, waliopeleka kahawa Novemba, watalipwa Ijumaa." Ghafla wakulima wote wanaozungumziwa wanalipwa, na Novemba imekuwa maelezo ya pembeni tu. Hakuna neno lililoguswa.

Lakini mwandishi aliyefunzwa kupumua huandika hivi: "Wakulima waliopeleka kahawa Novemba, watalipwa Ijumaa." Kiima kimekuwa kirefu, pumzi imemwishia, basi akatupa koma moja. Sasa je, ya pili ilisahaulika, au hii moja ndiyo ya ziada? Mwenye karo ya kulipa anasoma mara tatu na bado hajui. Kwani neno "pekee" lingegharimu nini? "Waliopeleka Novemba pekee ndio watakaolipwa." Kwisha.

KCSE humpa mtahiniwa sentensi tata aeleze maana zake. Vizuri. Ningependa aulizwe pia nani anaumia kila maana ikishinda. Mwaka 1916 huko London, mawakili wa Roger Casement walibishana kuhusu koma katika sheria ya uhaini ya 1351. Majaji hawakukubali usomaji wao, naye akanyongwa tarehe 3 Agosti.

Kiswahili, kusema kweli, kina kinga zake. "Hii shamba haiuzwi," vinasema vibao kutoka Karatina hadi Nanyuki. Mwalimu atalia ngeli, ila tapeli akikwangua "ha" atabaki na "iuzwi", ambayo si neno. Ukanushaji umefungwa mwanzo na mwisho. Wakati ujao ndio hauna kufuli la pili. Kwenye "Hawatalipwa Ijumaa", karatasi ikichanika herufi mbili za mwanzo, inabaki "watalipwa", sentensi safi kabisa, na kufikia saa moja asubuhi foleni imeshafika barabarani.