Daraja Linalopisha Meli

Madaraja mengi husifiwa kwa kusimama imara. Daraja la Malkia Emma la mjini Willemstad, katika kisiwa cha Curaçao, mimi nalisifu kwa ustadi wa kusogea.

Willemstad imegawanywa na Sint Annabaai, mkondo mwembamba unaotoka bahari ya Karibi hadi bandari ya Schottegat. Huku kuna mtaa wa Punda, na majumba yake ya rangi rangi kando ya maji. Kule kuna Otrobanda. Wakazi walitaka kuvuka kwa miguu, na meli zilitaka kuingia bandarini. Daraja la chini lingezifungia meli njia, na la juu lingewachosha waenda kwa miguu.

Leonard Burlington Smith, mfanyabiashara kutoka Marekani, alipata jawabu mwaka 1888: daraja la kuelea. Sakafu yake ya mbao hubebwa na maboya 16 yaliyopangwa safu. Upande wa Otrobanda limefungwa kwa bawaba kubwa. Upande wa Punda liko huru, na hapo ndipo penye kibanda cha mwendeshaji. Meli ikikaribia, kengele hulia, naye huwasha injini mbili za dizeli. Rafadha huyasukuma maji, na daraja zima, lenye urefu wa mita 167, hujizungusha kama mlango mpaka likalala sambamba na ufuko. Bendera ya rangi ya chungwa huwaambia watu wasubiri kidogo. Ya buluu huwaambia wapande kivuko, kwa kuwa kungoja kutakuwa kurefu.

Zamani kuvuka kulikuwa na ushuru. Mwenye viatu alilipa, mwenye miguu mitupu alipita bure. Nia ilikuwa kumhurumia maskini, lakini wenyeji husimulia kwamba maskini wengine waliazima viatu ili walipe kwa heshima, huku matajiri wakivua vyao ili wasilipe. Ushuru huo ulifutwa mwaka 1934.

Mwaka 1974 lilifunguliwa Daraja la Malkia Juliana, refu kwenda juu kiasi cha mita 56, na magari yakahamia huko. Daraja la zamani lingeweza kung'olewa likasahauliwa. Badala yake liliachiwa waenda kwa miguu, nalo limeendelea kukarabatiwa. Mwaka 1997 UNESCO iliuingiza mji wa kale na bandari yake katika urithi wa dunia.

Uamuzi wa kulibakiza daraja hilo ulikuwa wa haki. Kujenga kitu kisichotikisika ni kazi ya nguvu. Kujenga kitu kinachojua wakati wa kupisha na wakati wa kurudi mahali pake kunataka fundi aliyewafikiria wote, anayepita juu na anayepita majini. Smith aliwafikiria wote wawili, na ndiyo maana kazi yake ingali inatumika kila siku.