Route 62: Zabibu Zilichumwa na Nani?

Kuna makala ya safari ambayo ukishasoma mawili matatu, yanayofuata unaweza kuyaandika mwenyewe ukiwa umelala. Yanahusu Route 62, Afrika Kusini, ile barabara inayopita Robertson, Montagu, Barrydale, Ladismith na Calitzdorp hadi Oudtshoorn. Sehemu kubwa yake iko Klein Karoo, nchi kavu, nusu jangwa, iliyobanwa kati ya milima ya Langeberg na Swartberg. Halafu ghafla, katikati ya ukavu huo, unaona mizabibu ya kijani. Picha ni tamu, siwezi kukataa.

Mimi naishi kwa kuandika makala ya kulipwa kwa neno, kwa hivyo haya nimeyasoma kama fundi anayekagua kiti cha fundi mwingine. Nazungumzia maandishi, si safari yangu. Mpangilio ni uleule. Asubuhi unapita chini ya mwamba uliotobolewa pale Cogmanskloof. Mchana unasimama kwa ile baa karibu na Barrydale ambayo marafiki wa mwenyewe walipaka neno “Sex” ukutani kumtania, na jina likashika. Jioni uko Calitzdorp na glasi ya divai tamu, nzito, jua linazama. Basi, stori imeisha.

Utamu haunisumbui. Kinachonisumbua ni sarufi. Shuleni tulifundishwa kauli ya kutendwa: zabibu zilichumwa, mfereji ulichimbwa, barabara ilijengwa. Na swali linalofuata kila mtoto analijua: na nani? Makala haya hayalijibu. Maji yanashuka kutoka milimani na kufika shambani yenyewe. Zabibu zinajichuma. Divai inakuja mezani kama umande.

Utasema nafasi ilikuwa ndogo. Hapana. Nafasi ipo ya kutaja mwenye shamba, babu yake, mbwa wake, na aina nne za zabibu. Barabara nazo zinapewa jina moja: Thomas Bain, mhandisi aliyemaliza njia ya Cogmanskloof mwaka wa 1877 na ile ya Swartberg mwaka wa 1888. Bain alikuwa hodari kweli. Lakini mawe ya Swartberg yalipasuliwa na kupangwa na wafungwa. Tunajua nani alichora, tunaambiwa tusiulize nani alibeba.

Na jibu la “na nani” liko, tena ni refu. Divai ya kwanza ya Cape ilikamuliwa mwaka wa 1659, mwaka mmoja tu baada ya meli za kwanza kubwa za watumwa kufika. Watu hao waliendelea kuletwa kutoka Indonesia, India, Madagaska, Msumbiji na kwingineko kwenye pwani hii yetu ya Afrika Mashariki. Utumwa ulipofutwa mwaka wa 1834, walilazimishwa kuwatumikia mabwana walewale miaka minne zaidi. Kisha kukawa na mfumo wa dop: mfanyakazi analipwa sehemu ya ujira wake kwa divai. Sheria iliupiga marufuku miaka ya 1960, lakini mashambani uliendelea kwa miongo. Leo mkoa wa Western Cape una baadhi ya viwango vya juu zaidi vilivyowahi kurekodiwa duniani vya watoto wanaozaliwa wakiwa wameathiriwa na pombe tumboni. Glasi ya Calitzdorp ina historia hiyo ndani, hata kama ulimi hauionji.

Kuna wakati mmoja ambapo waliofichwa na sarufi walijitaja wenyewe. Novemba 2012, wafanyakazi wa mashamba ya zabibu huko De Doorns waligoma, wakaifunga barabara kuu ya N1. Mgomo ukasambaa hadi miji ya mashamba kama Robertson. Kima cha chini kilikuwa randi 69 kwa siku. Machi 2013 kikapanda hadi 105. Kwa siku chache, barabara haikuwa mandhari ya kupiga picha. Ilikuwa mahali ambapo watu wanaishi na wanadai.

Sisemi kila makala ya safari yageuke ripoti ya haki za binadamu. Hizo nazo zina ugonjwa wao: mfanyakazi anaonekana tu akiwa analia. Mtu anayepogoa mzabibu miaka ishirini anajua tawi lipi likatwe na lipi liachwe, na ujuzi huo ndio mtalii anauonja. Muulize habari za kazi yake jinsi unavyomuuliza mwenye shamba habari za babu yake. Mpe aya moja.

Na sisi wasomaji tuna kazi pia, maana rafu za supamaketi zetu hapa Nairobi zimejaa waini ya Afrika Kusini, na chupa zenyewe zimeandikwa kwa mtindo uleule: jua, milima, familia ya mwenye shamba. Sentensi imekatwa nusu. Imalizie.