Herufi C: na viraka vya DOS

Ukichomeka flashi kwenye Windows leo inakuja kama E: au F:. Umewahi kujiuliza A: na B: zilienda wapi? Zilikuwa nafasi za diski laini. PC ya kwanza ya IBM, Agosti 1981, ilikuja na DOS iliyojua diski hizo tu, kilobaiti 160 kila moja, faili zote zimerundikwa pamoja bila folda hata moja.

Watu huicheka DOS yote kwa mkupuo, na mimi naona si haki. Toleo la 2.0 la 1983, lililokuja na PC XT na diski ngumu ya megabaiti 10, lilikuwa kazi nzuri kweli. Waliazima folda kutoka Unix, ila alama ya / ilishatumika kwenye amri za DOS, ndiyo maana tumebaki na \ mpaka leo. (Asanteni sana.)

Pa kulaumu ni kwingine. Sekta za diski zilihesabiwa kwa namba ya biti 16, yaani 65,536 tu. Zidisha kwa baiti 512 upate megabaiti 32. Diski zikakua, ukuta ukabaki palepale. Microsoft waliuvunja kwenye toleo la 4.0, mwaka 1988; Compaq walikuwa wameshawatangulia na DOS 3.31 yao.

Halafu mtandao. Toleo la 3.0 la 1984 lilitoka kabla sehemu hiyo haijakamilika, ikaja kwenye 3.1. Mbinu yenyewe ni kuivisha diski ya seva vazi la herufi: programu inaomba faili ya F:, ombi linadakwa njiani na kupelekwa kwenye waya. Ujanja mzuri, maana programu za zamani zinafanya kazi bila kuandikwa upya. Lakini hizo ziliandikwa zikiamini ziko peke yao chumbani! Kufuli ilikuwepo, SHARE, ila ni programu ya pembeni, unaipakia mwenyewe. Na programu inayosoma faili, ikaifunga, kisha ikaiandika upya mwishoni, kufuli haiigusi. Wawili wakihariri pamoja, anayehifadhi wa mwisho anafuta kazi ya mwenzake, na hakuna anayeambiwa.

Notepad kwenye folda ya pamoja ya maabara bado inafanya hivyo. Jaribuni wawili, ila msitumie data ya tasnifu.