Vistari Sita Si Nukta Sita

Kuna video ya fundi na msaidizi wake wakitengeneza mlango, na mlango ule uliharibika kabla msumeno haujawashwa. Mliotazama ile video mnaijua sehemu yenyewe: fundi mkuu ameinyoosha futi kamba ndani ya fremu, anasoma, kisha anamwambia msaidizi wake aliye mezani, "Thelathini na moja nukta sita."

Isimamisheni hapo muitazame futi. Kipimo kimeangukia kistari cha sita baada ya inchi 31. Upande ule kila inchi imegawanywa mara 16: kistari kirefu cha katikati ni nusu, vinavyokifuata kwa urefu ni robo, kisha thumni, na vile vifupi kabisa ni moja ya 16. Alichokiona, basi, ni inchi 31 na sita ya 16, yaani thumni tatu. Alichokitamka ni sita ya kumi. Msaidizi akazidisha 31.6 kwa 25.4, akapata milimita 802.6, akatoa milimita 3 za uwazi kila upande, akakata. Fremu yenyewe ni milimita 796.9. Uwazi wote ukamezwa, mlango ukakwama.

Msaidizi simlaumu hata kidogo; alipewa namba akaifuata. Fundi mkuu ndiye aliyetamka nukta kwenye upande wa futi usio na nukta. Nukta ina mahali pake kwenye senti, ambako kila sentimita ina vigawanyo kumi. Nimekwisha kulalamika kuhusu karakana zinazopima kwa inchi na kukata kwa milimita, na sitaacha: chagueni upande mmoja, mbaki nao mpaka kitasa kifungwe.

Viungo vya ulimi na tundu vilikaa barabara. Ndoano ya futi waliiacha icheze, na ndivyo inavyotakiwa, kwani hucheza kwa unene wake ili kipimo cha ndani na cha nje vilingane. Lakini kupiga randa upande wa kitasa peke yake ili mlango uingie kuliacha mbao mbili za kusimama zikiwa na upana tofauti, na jicho linaona.

Wazee walionifundisha wasingefika huko. Walisimamisha fito ndani ya fremu, wakaitia alama kwa kisu, wakaipeleka fito hiyohiyo mezani. Hapakuwa na namba ya kukosea njiani.

Fundi, ukipima kwa inchi, tamka "thelathini na moja na thumni tatu", na anayekata akurudishie maneno hayo kabla hajagusa mbao.