Abraxane: Nimeiona kwa Macho Yangu!

Jamani, ni ndogo! Chupa ya miligramu 100 za paclitaxel, dawa ya saratani, unga mkavu umekaa chini. Mfamasia akaingiza mililita 20 za maji ya chumvi taratibu, dakika nzima, sindano ikielekea ukuta wa chupa ili povu lisitokee. Dakika tano za kungoja (mimi roho juu!), kisha akaizungusha polepole. Ole wako uitikise. Ikageuka rangi ya maziwa, safi, bila madonge.

Lakini uhondo hauko kwenye dawa. Paclitaxel ni ya zamani, iligunduliwa katika gamba la mti uitwao Taxus brevifolia huko Marekani. Uhondo ni mbebaji wake: albumini, polima asilia ambayo damu yako inayo tayari, mkokoteni unaobeba mafuta na homoni mwilini mchana na usiku. Paclitaxel hukataa katakata kuyeyuka majini, kwa hiyo ile ya kawaida huyeyushwa kwa Cremophor, inayotengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Hiyo Cremophor huamsha mzio mkali. Ndiyo maana mgonjwa hupewa steroidi kwanza, kisha dripu ya saa tatu. Kwenye Abraxane, Cremophor imetupwa nje, albumini imeshika nafasi yake! Chembe za nanometa 130 hivi, na dripu ya dakika 30. Dakika thelathini! Mama aliyefunga kibanda chake hapa Kenya ili apande matatu kwenda kliniki ataelewa hesabu hiyo kabla yangu.

Na inafanya kazi. Katika utafiti uliowahusisha wagonjwa 454 wa saratani ya matiti iliyosambaa, uvimbe ulipungua katika asilimia 33 ya waliopewa hii, dhidi ya asilimia 19 ya waliopewa ile ya zamani. Marekani iliiidhinisha Januari 2005.

Sasa lawama zangu. Ganzi ya vidole huzidi, maana dozi ni kubwa zaidi. Sifa ya "kulenga" saratani imetiwa chumvi kidogo: albumini huisaidia dawa kufika kwenye uvimbe, ila seli nzima za damu nazo huumia. Bei, msiniulize, viwanda vya India vimeanza kutengeneza zao, na macho yangu yako huko.

Huko, na kaskazini mwetu pia! Gundi ya migunga, nayo polima asilia, ya aina inayokusanywa Turkana na Isiolo, imeshatumiwa na watafiti wa Missouri kufunika chembe za dhahabu yenye mionzi dhidi ya saratani ya tezi dume katika panya. Panya tu, kwa sasa. Lakini gundi ya mgunga, jamani!